Damu ya Mzee

Babu yangu hakuwahi kuogopa giza. Giza ndilo lililomlisha. Ujana wake wote na utu uzima wake wote alifanya kazi katika jumba la sinema, si ya kuonyesha picha wala kukata tiketi, bali ya kushika tochi. Filamu imeshaanza, taa zimezimwa, anaingia mtu aliyechelewa, hajui pa kukanyaga. Babu anamtangulia mpaka kwenye kiti. Mtaa mzima ulimwita Tochi. Leo lile jumba ni ghala la matairi, lakini bado wapo watu wazima na mvi zao wanaomwamkia, "Shikamoo Mzee Tochi," kisha wanaona haya, kwa sababu anajua waliketi na nani.

Kazi hiyo ilikuwa na sheria moja, na alituimbia sheria hiyo mpaka ikatuchosha. Mwanga miguuni, si usoni. Ukimmulika mtu usoni anapofuka kwa muda, anashtuka, anajikwaa, na tena umemuumbua mbele ya watu. Mmulikie pale tu anapokwenda kukanyaga, hatua moja, halafu nyingine. Ukumbi mzima hahitaji kuuona.

Kuta za ukumbi huo zilikuwa nyekundu, ile nyekundu nzito inayoelekea weusi, ambayo sote tunaiita damu ya mzee bila kujiuliza ni mzee yupi. Babu aliipenda rangi hiyo kama watu wanavyopenda timu ya mpira. Alisema inameza mwanga, haiurudishi machoni mwa watu, na mtu akiketi karibu nayo anatulia hata kama amekuja na ugomvi wake nyumbani. Tangu nimepata akili namsikia akisema atakuja kukipaka chumba chake rangi ile. Na tangu nimepata akili namsikia mama akimjibu, "Mwaka kesho, Baba." Mama ni mshonaji wa mapazia, anashona mapazia ya nyumba za watu wenye kuta nzuri, na za kwetu zimebaki nyeupe zenye madoa ya unyevu.

Kitu ambacho babu alikiogopa ni hospitali. Sindano hasa. Mtu aliyewatoa walevi ukumbini kwa kuwashika shingo, akiona sindano anakuwa mtoto. Kwa hiyo alipoanza kuchoka, akawa akipanda ngazi mbili za barazani anapumzika kama amepanda mlima, alituficha. Alipoanza kutokwa na alama za bluu mikononi bila kujigonga popote, alivaa mikono mirefu. Pua ilipomtoka damu mezani mbele yetu, hapo hakuwa na pa kujificha. Mama alimpeleka, na mimi nikaenda nao, kwa sababu ilibidi mtu mmoja amshike mkono na mwingine amzibe macho.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimweleza babu kwamba damu ya mtu ina chembe nyekundu na chembe nyeupe, na kwamba wanataka kuona kama nyeupe hazijazidi. "Zikizidi?" babu akauliza. Daktari akasema tusubiri majibu kwanza, yakitoka tutapigiwa simu. Akaandika namba ya mama.

Tukasubiri. Kila jioni babu anamwangalia mama akiingia, mama anasema, "Bado, Baba, maabara yao ina watu wengi." Babu anaitikia kwa kichwa na kuonekana ameridhika. Hakuwa ameridhika. Alituambia baadaye kwamba kila simu ilipolia nyumbani, moyo ulimruka mpaka akaanza kuchukia hata wimbo wa simu ya jirani.

Kisha, siku moja tu kama upepo umegeuka, mama akaja na habari za rangi. Alinivuta jikoni, akafunga mlango. Chumba cha babu kinapakwa wiki hii, damu ya mzee kama ya sinema, na babu asijue. Aambiwe fundi amekuja kukwangua unyevu na kupaka nyeupe ileile. Yeye ahamie chumbani kwangu, mimi nilale kwenye kochi. Nililalamika kidogo kuhusu kochi, maana lina chuma kinachomchoma mtu mbavuni, lakini nilifurahi. Sikujiuliza kwa nini mwaka kesho umefika ghafla namna ile. Mimi ni mtu wa kuuliza kila kitu, bei ya nyanya nauliza mara tatu, na hilo sikuuliza.

Sasa nyumba yetu ina kasoro moja. Chumba cha babu na changu vimetenganishwa kwa mbao nyembamba zilizopigwa plasta juu juu. Ukipiga chafya huku, unajibiwa kule. Na fundi rangi tuliyempata ni mtu anayeongea kama yuko juu ya ngazi hata akiwa amesimama chini. Mama akimwambia apunguze sauti, anapunguza sentensi moja, ya pili inapaa tena. Babu naye masikio yake yameanza kuchagua: maneno mengine yanapita, mengine yanabaki nje.

Siku ya kwanza fundi alifungua ndoo ambayo mama alikuwa ameinunua mwenyewe, kwa bei nafuu, kwenye duka lililokuwa linafunga biashara. Akachovya kijiti, akakoroga, akakitoa. Mimi nilikuwepo, nimeshika magazeti ya kutandika chini. Babu alikuwa upande wa pili wa mbao, amelala kitandani kwangu, macho kwenye dari.

"Damu ya mzee imeganda, mama," fundi akasema. "Ona mwenyewe, chini ni mabonge matupu."

"Polepole, fundi. Asisikie."

"Sawa. Lakini hii haina maisha. Nikijitahidi sana, itafika mwisho wa mwaka."

"Usimwambie chochote. Nitamwambia mwenyewe, mambo yakiwa tayari."

Sisi tulikuwa tunazungumza rangi. Mama akairudisha ndoo dukani, akagombana nao, akaja na nyingine. Lakini weka sikio lako upande wa pili. Mzee ametolewa damu, anangoja majibu, na anachosikia ni sauti ya mwanamume asiyemfahamu vizuri ikisema damu yake imeganda na haina maisha, na sauti ya binti yake ikisema asiambiwe. Neno damu ya mzee analijua kuliko sisi sote, amelitumia maisha yake yote, na halikumjia hata kidogo kama jina la rangi. Hofu ilikuwa imeshakaa mlangoni ikichagua nini kipite.

Alisema mwili wake wote ulipoa kuanzia miguuni. Akajifunika shuka mpaka kidevuni katikati ya joto lile, akabaki anasikiliza mapigo ya moyo wake mwenyewe, akiyahesabia makosa.

Jioni alikuja mezani kimya. Alinitazama, akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Hivi bibi, damu ya mtu ikiganda angali hai, inayeyushwa na nini?" Mimi ananiita bibi tangu nikiwa mdogo, na utani wetu hauna breki. Nikamwambia, "Inayeyushwa na mke mchanga, babu, na mimi sina nafasi." Siku zote utani wa aina hiyo unamfanya acheke mpaka meno ya bandia yacheze. Safari hii alitabasamu tu kwa heshima, akarudi chumbani kwangu na kufunga mlango.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, na ililetwa na ubishi wa dari. Fundi alikuwa amemaliza mkono wa kwanza wa rangi kwenye kuta. Rangi ilikuwa imekubali, nzito, nzuri kabisa. Tatizo lilikuwa juu. Dari lilipakwa nyeupe ya mafuta zamani, ile inayong'aa mpaka unaona balbu mara mbili, na mama alitaka libaki hivyohivyo, kwa sababu kwake nyeupe ni usafi na mengine yote ni kutafuta sababu ya kutofua. Fundi akashika kiuno.

"Mama, mimi nimeona wengi. Nyeupe ikizidi, damu ya mzee haiwezi. Inaliwa. Ile nyeupe inaila nyekundu mpaka inakufa."

"Na dawa yake?"

"Dawa ni kuiondoa nyeupe. Tuikwangue, tuweke krimu iliyopoa, isiyong'aa. Lakini ni kazi kubwa, sikufichi, na itakugharimu."

Mama alilitazama dari. Nilidhani anawaza mapazia. "Basi," akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka sana, "tuache kama ilivyo."

Upande wa pili wa mbao, babu yangu alilisikia hilo lote, neno kwa neno. Nyeupe zimezidi, zinaila nyekundu. Dawa ipo, ila ni ghali. Na mwanawe, mtoto aliyembeba begani kumwingiza sinema kwa mlango wa nyuma ili aone katuni bure, amesema tuache kama ilivyo.

Tangu hapo hakula kitu cheupe. Mwanzoni hatukuelewa. Maziwa aliyasukuma pembeni. Wali akasema umemkinai. Mkate akautazama kama umemtukana. Akaomba maini, akaomba mboga za majani za kijani iliyokolea, akanywa chai ya rangi kavu mpaka ulimi ukabadilika. Nilimgombeza. Nilimwambia amekuwa mgumu kama mtoto anayeota meno, mama anahangaika na kazi na yeye anachagua chakula kwa rangi. Akanijibu, "Niachie hilo tu, bibi." Alikuwa anajaribu, peke yake, kwa kijiko, kuzipunguza zile nyeupe.

Na alimwogopa mama. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote aliyokuja kutueleza. Mama akimletea dawa ya kupunguza homa, aliigeuzageuza kiganjani kabla ya kuimeza. Mama akimwuliza, "Unajisikiaje, Baba?" alijibu haraka, "Vizuri, vizuri sana," kama mfanyakazi anayeogopa kupunguzwa. Hakumwuliza. Baadaye nilipomwambia kwamba angeuliza tu, yote yangekwisha, alinitazama kwa huruma. Alisema mtu akishaambiwa, hawezi kurudi kuwa yule ambaye hajaambiwa.

Asubuhi moja, wakati najiandaa kwenda kazini kwangu kwenye kibanda cha kutoa kopi, aliniita. Akanipa ile tochi. Tochi ya kazi, ndefu, ya chuma, ambayo hata kuifuta vumbi haturuhusiwi. "Kaa nayo," akasema. Nikamwuliza ya nini, nina ya kwenye simu. Akasema ya kwenye simu inamulika ovyo. Nikaitia mkobani. Nikampigia bosi simu kwamba nitachelewa.

Ndiyo maana nilikuwepo. Mama alikuwa ametoka kwenda kutafuta kitambaa cha pazia kitakachokubaliana na zile kuta, na alishasema anataka rangi ya asali. Fundi alifika, akapanda ngazi, akachovya rola, na kwa sauti ile yake ya kuhutubia uwanja akasema, "Leo namaliza damu ya mzee."

Nikasikia kitanda changu kinalia. Nikasikia ndara. Babu alitoka chumbani kwangu akiwa amevaa shati lake la kutokea, amelifunga mpaka kifungo cha juu. Alikuwa ameshaandaa sentensi moja ya kumwambia mama, ameirudia moyoni tangu alfajiri. Alidhani mama yumo mle ndani na yule mtu. Akausukuma mlango.

Fundi alikuwa juu, rola mkononi, nyekundu ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Magazeti yote chini yana matone. Nilimwona babu akishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Uso wake ulikosa rangi kabisa. Kwa kitambo hicho aliamini anachokiona ni damu. Nilimkimbilia nikidhani anaanguka.

Kisha akanusa. Akatazama ndoo. Akatazama kuta, moja baada ya nyingine, polepole, kama anavyotazama mtu aliyeingia mahali alipowahi kukaa zamani. Akaweka kiganja ukutani pakavu.

"Damu ya mzee," akasema.

"Ndiyo yenyewe, mzee," fundi akajibu kwa fahari. "Karibu chumbani kwako."

Babu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa shati la kutokea. Mama akatukuta hivyo, kitambaa cha asali kwapani, akauliza kuna nini, nani amevunja siri. Babu akamweleza yote: mabonge, haina maisha, nyeupe inaila nyekundu, maini na chai kavu. Fundi alicheka hadi ngazi ikayumba. Mimi nilicheka nikiwa nimeona aibu kwa yale ya mtoto anayeota meno.

Mama naye alicheka. Alianza vizuri. Halafu kicheko chake kikaendelea peke yake wakati sisi tumemaliza, kikabadilika, na akajiziba mdomo kwa kile kitambaa.

Babu aliacha kutabasamu. Alimwona, na mimi nilimwona akimwona. Kaa na watu gizani miaka yote hiyo, utajua mtu anayelia kimyakimya kwa mabega tu.

"Na ya mzee mwenyewe?" akauliza. "Wamepiga simu lini?"

Mama akakishusha kitambaa. Akasema walipiga siku moja kabla hajanivuta jikoni. Akasema alitaka chumba kiishe kwanza, babu aambiwe akiwa amekaa ndani yake. Alisema, "Nyeupe zimezidi, Baba. Zimezidi sana. Ni ugonjwa wa..."

Babu akainua mkono mbele ya macho, kama mtu aliyemulikwa ghafla.

"Miguuni, mwanangu," akasema. "Miguuni. Niambie hatua moja tu."

Mama akasema, "Jumatatu tunaenda kulazwa. Watakuongezea damu."

"Kwa sindano?"

"Kwa sindano."

"Halafu?"

"Halafu dawa. Baada ya hapo sijui. Na wao hawajui."

Fundi, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, hakuwa na sauti. Alishikilia rola mbali na nguo zake na kutazama ukutani. Nilisikia mbao zikilia kwa joto. Babu alikuwa anapumua kwa mdomo, na sikujua niweke wapi macho.

"Naogopa," akasema. "Naogopa sana, nisikudanganye." Kisha akaitoa ile sentensi aliyokuja nayo tangu alfajiri, akamwambia mama kama alivyoiandaa: "Mwanangu, mimi bado nataka kuishi."

Mama akapiga magoti kwenye magazeti yenye matone na kumshika mikono. Alirudiarudia kwamba alisema dari, dari tu ndilo alilosema waliache. Babu akamwambia najua, nimeshajua. Akakaa hivyo muda mrefu, nyekundu ile imetuzunguka pande zote na kututuliza, kama alivyosema siku zote. Halafu akainua kichwa. Nyeupe ya mafuta ilikuwa inang'aa juu yetu, balbu ikionekana mara mbili.

"Fundi," akasema, "dawa ya hiyo ulisemaje?"

Fundi akakohoa. "Kuikwangua, mzee. Tuweke krimu."

"Ni kazi kubwa."

"Kubwa. Na kwa hali hii ya dari, siwezi kukuhakikishia yote itatoka."

"Nitakuwa nalitazama sana hilo dari," babu akasema. "Ianze leo."

Mama alifungua mdomo kuzungumzia usafi, akaufunga. Fundi akaweka rola chini, akachukua msasa, akasogeza ngazi katikati ya chumba. Babu akanigeukia, akanyoosha kiganja. Nikaenda nikaichukua tochi mkobani mwangu, nikamrudishia. Vumbi jeupe likaanza kutuangukia kichwani, na mama akainuka akaishika ngazi.